Kombe la Dunia linaanza kwenye boti: nani alilipa safari, nani alishika pesa

Kila mara Kombe la Dunia linapokaribia, watu wa Kongo wanakumbushwa matokeo matatu: 0-2, 0-9, 0-3. Ni ya Léopards wa Zaïre kule Ujerumani ya Magharibi, mwezi wa sita mwaka 1974. Televisheni za Ulaya zinaonyesha tena na tena picha ya Ilunga Mwepu akitoka mbio kwenye ukuta wa wachezaji na kuupiga mpira wa adhabu ambao ulikuwa wa Wabrazili. Watangazaji wanacheka. Vijana wetu wanaoiona picha hiyo kwenye simu nao wanacheka. Karibu hakuna anayeuliza ni nani alishika pesa za safari ile, na wachezaji waliambiwa nini kati ya mechi ya kwanza na ya pili.

Swali hilo si dogo. Historia ya Kombe la Dunia, toka siku ya kwanza, ni historia ya tiketi na vitanda. Kabla mpira haujapigwa, kuna watu wanaokaa mezani na kuhesabu: njia gani, siku ngapi, watalala wapi, watakula nini, na nani analipa. Hesabu ikiharibika, anayelipa ni mchezaji uwanjani. Wengine walilipa kwa maisha yao.

Turudi mwaka 1929. Mkutano wa FIFA uliofanyika Barcelona uliipa Uruguay haki ya kuandaa kombe la kwanza. Uruguay ilikuwa bingwa wa Olimpiki ya 1924 na ya 1928, tena mwaka 1930 ilikuwa inatimiza miaka 100 ya katiba yake. Lakini iliweka mezani kitu kingine chenye uzito kuliko sifa: ahadi ya kulipa safari na malazi ya timu zote zitakazokuja, na kujenga uwanja mpya. Inchi ndogo iliyotajirika kwa kuuza nyama na sufu ilikubali kubeba mzigo ambao mataifa makubwa ya Ulaya hayakutaka kuubeba.

Hata na tiketi ya bure, Ulaya ilisita. Wakati ule hakukuwa na ndege ya kupeleka timu upande wa pili wa bahari ya Atlantiki. Kwenda Montevideo kwa meli kulichukua karibu wiki mbili, kurudi vilevile, na katikati kuna mashindano yenyewe. Ni kusema karibu miezi miwili nje ya kazi. Wachezaji wengi walikuwa wafanyakazi wa viwanda, wa ofisi, wa magereji, na bosi hakuwa tayari kumlipa mtu anayecheza mpira Amerika ya Kusini. Italia, Hispania, Uholanzi na Sweden, ambazo zote zilikuwa zimeomba kuandaa kombe lile, hazikwenda. Mwishoni zilipatikana timu nne tu za Ulaya: Ufaransa, Ubelgiji, Romania na Yugoslavia. Kwa Romania, ilibidi Mfalme Carol wa Pili mwenyewe aingilie kati ili waajiri wawaachie wachezaji. Wafaransa waliondoka bila kocha wao wa kawaida, Gaston Barreau, kwa sababu hakuweza kuacha kazi yake.

Meli iliitwa Conte Verde, ya Waitaliani. Iling'oa nanga Genoa mwezi wa sita 1930 ikiwa na Waromania. Ikapita Villefranche-sur-Mer kuchukua Wafaransa, kisha Barcelona kuchukua Wabelgiji. Ndani yake alikuwemo pia raisi wa FIFA, Jules Rimet, na kombe lenyewe lilikuwa kwenye mizigo yake. Marefa walikuwemo humohumo. Timu tatu zitakazoshindana zililala kwenye meli moja, zikala chumba kimoja, zikafanya mazoezi kwenye sitaha moja, huku abiria wengine wakiwatazama. Tarehe 29 Juni meli ilifika Rio de Janeiro, Wabrazili nao wakapanda. Tarehe 4 Julai wote wakashuka Montevideo. Kati ya Wafaransa wale alikuwemo Lucien Laurent, mfanyakazi wa kiwanda cha magari. Siku tisa baadaye alifunga goli la kwanza kabisa katika historia ya Kombe la Dunia, dhidi ya Mexico.

Yugoslavia ilipita njia nyingine, kwa meli iliyoitwa Florida, iliyoondokea Marseille. Na hapa ndipo hadithi inatugusa sisi Waafrika. Misri ilikuwa imekubali kwenda Uruguay, na ilitakiwa kupanda meli hiyohiyo ya Florida. Boti iliyowabeba Wamisri toka kwao ilikutana na dhoruba kwenye bahari ya Mediterania, ikachelewa. Walipofika, Florida ilikuwa imeondoka. Hakukuwa na meli nyingine ambayo ingewafikisha kwa wakati. Yeyote aliyewahi kufika bandarini Goma akakuta boti ya Bukavu imeshaacha gati anajua uchungu huo, isipokuwa yeye anaweza kungoja boti ya kesho. Kombe la kwanza lilichezwa na timu 13, na Afrika haikuwemo. Haikufungwa na mtu, ilikosa boti.

Wenyeji nao walikuwa na mahangaiko yao. Uwanja wa Centenario ulijengwa kwa haraka, mvua ikasumbua kazi, na tarehe 13 Julai mashindano yalipoanza haukuwa tayari. Mechi za kwanza zikapelekwa kwenye viwanja vidogo vya klabu za mji. Centenario ulifunguliwa tarehe 18 Julai, siku yenyewe ya miaka 100 ya katiba, Uruguay ikaifunga Peru 1-0.

Fainali ikawa ya majirani, Uruguay na Argentina, tarehe 30 Julai. Kati ya Buenos Aires na Montevideo kuna mto mpana sana wa Río de la Plata, safari ya karibu kilomita 200, mara mbili ya njia ya ziwani toka Goma mpaka Bukavu. Maelfu ya Waargentina walipanda boti kwenda kushangilia timu yao. Usiku ukungu ukafunika mto. Boti kadhaa zilichelewa, nyingine zikapotea njia, na watu waliokuwa na tiketi za uwanja wakafika mechi imekwisha. Waliofika mapema walipekuliwa mlangoni kama wana silaha. Refa wa mechi, Mbelgiji Jean Langenus, alikuwa mtu anayejua kupanga mambo yake: kabla ya kukubali kupuliza filimbi alidai ulinzi, na pia meli iwe tayari bandarini kumchukua mara tu mechi ikiisha. Uruguay ilishinda 4-2. Langenus alifika kwao salama.

Misri ilifika Kombe la Dunia miaka minne baadaye, Italia 1934. Safari hii bahari ilikuwa ndogo na meli haikukosekana. Lakini mashindano yale yalikuwa ya mtoano toka mwanzo: ukifungwa mara moja, unafunga mizigo. Tarehe 27 Mei, mjini Napoli, Hungaria iliifunga Misri 4-2. Safari yote hiyo kwa dakika 90. Halafu Afrika ikakaa miaka 36 bila kuonekana, mpaka Maroko mwaka 1970. Katikati, mwaka 1966, mashirikisho ya Afrika yaligoma kwa sababu FIFA haikutaka kulipa bara letu hata nafasi moja ya moja kwa moja.

Umbali uliendelea kuamua mambo hata kwa matajiri. Mwaka 1950 Ufaransa ilipewa nafasi ya kwenda Brazil, ikatazama ratiba, ikakuta inatakiwa kucheza Porto Alegre, kusini kabisa, kisha Recife kaskazini-mashariki. Ni karibu kilomita 3000, kama mara mbili ya Kinshasa mpaka Goma kwa ndege. Wafaransa wakakataa, wakabaki nyumbani. Italia ilikwenda, lakini kwa meli: mwaka mmoja kabla, ndege iliyobeba timu ya Torino ilikuwa imegonga kilima cha Superga na kuua watu wote 31, na wachezaji hawakutaka kusikia habari ya kupanda ndege. Walijaribu kufanya mazoezi kwenye sitaha. Mipira ikaangukia baharini mmoja baada ya mwingine. Mabingwa wa dunia wa 1938 walifika wamechoka, wakafungwa na Sweden 3-2, wakarudi.

Na kuna kisa cha Korea ya Kusini ambacho Mkongomani anapaswa kukijua. Mwaka 1954, mwaka mmoja tu toka vita vyao viishe, Wakorea walipata nafasi ya kwenda Uswisi. Inchi haikuwa na pesa wala ndege. Walisafiri vipande vipande, nafasi za ndege zikakosekana njiani, na walifika Zurich muda mfupi kabla ya mechi yao ya kwanza, miguu imevimba kwa kukaa. Mpinzani alikuwa Hungaria ya Puskás, timu kali kuliko zote duniani wakati ule. Matokeo: 9-0. Ni namba ileile ya Zaïre na Yugoslavia. Mwaka 1982 El Salvador, inchi iliyokuwa vitani, ilipeleka wachezaji 20 wakati kanuni iliruhusu 22, ili kupunguza gharama. Hungaria tena: 10-1. Wanaosema kwamba vipigo vikubwa vya Kombe la Dunia vinatokana na watu wasiojua mpira wangefanya vizuri kwanza kutazama ni nani kati yao alifika amelala vizuri.

Léopards hawakuwa timu ya bahati. Mpira wa Kongo ulikuwa juu sana. Mazembe ya Lubumbashi ilikuwa imechukua kombe la klabu bingwa Afrika mwaka 1967 na 1968, Vita Club ya Kinshasa mwaka 1973. Desemba 1973 timu ya taifa iliifunga Maroko 3-0 pale Kinshasa, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kupata tiketi ya Kombe la Dunia. Raisi Mobutu alifurahi, akaahidi kila mchezaji nyumba na gari. Machi 1974, mjini Kairo, wakachukua Kombe la Afrika: sare ya 2-2 na Zambia, kisha mechi ya marudio 2-0. Magoli yote manne ya fainali hizo yalifungwa na Ndaye Mulamba. Alimaliza na magoli 9, rekodi ya mashindano mamoja.

Kwa hiyo walipotua Ujerumani, hawakuwa watalii. Safari ilikuwa ya ndege, siku za kuteseka baharini zilikwisha. Kocha, Blagoje Vidinić, alikuwa anajua Kombe la Dunia, maana aliipeleka Maroko Mexico mwaka 1970. Tarehe 14 Juni, Dortmund, Scotland iliwafunga 2-0, na Zaïre ilicheza mpira wa kuheshimika.

Kilichofuata wachezaji wenyewe walikisimulia miaka mingi baadaye. Baada ya mechi ya kwanza walitambua kwamba primi zao, ni kusema pesa za kushiriki walizoahidiwa, hazipo. Timu ilikuwa imesafiri na kundi la wakubwa wa serikali na wa shirikisho, na pesa zilipita mikononi mwa wakubwa hao. Hazikuwafikia wanaocheza. Wachezaji wakasema hatuchezi. Ilibidi wabembelezwe na kusukumwa ndipo wakaingia uwanjani tarehe 18 Juni, Gelsenkirchen, dhidi ya Yugoslavia. Miguu ilikuwa uwanjani, moyo ulibaki kwenye hoteli. Magoli matatu yaliingia kabla nusu ya kipindi cha kwanza kuisha, golikipa Kazadi Mwamba akatolewa, akaingia Tubilandu. Kisha refa akamtoa Ndaye kwa kadi nyekundu kwa kosa ambalo halikuwa lake. Aliyempiga teke alikuwa Mwepu. Mwisho, 9-0.

Sasa Kinshasa ilikasirika. Ilunga Mwepu alieleza kwamba watu wa Mobutu walikwenda hotelini na kuwaambia: mkifungwa na Brazil zaidi ya 3-0, hamrudi nyumbani. Mtu aliyeambiwa hivyo analala vipi? Na Brazil nayo ilihitaji magoli matatu ili ipite mbele ya Scotland. Tarehe 22 Juni ubao ulikuwa tayari unaelekea kwenye namba ile mbaya pale Wabrazili walipopata mpira wa adhabu karibu na goli. Mwepu akakimbia, akaupiga mbali. Alikuwa beki wa Mazembe aliyecheza mechi nyingi za bara. Kusema kwamba hakujua kanuni ni kumtukana. Mechi iliisha 3-0. Brazil ikapita, Scotland ikatoka bila kufungwa mechi hata moja, na Léopards wakapata ruhusa ya kurudi.

Tuangalie upande wa pili wa mwaka uleule. Tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa ilipokea pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Kila mmoja alilipwa dola milioni 5. Ali alilazwa N'Sele, kwenye makao ya raisi kando ya mto. Foreman alikaa hoteli ya Intercontinental katikati ya mji. Foreman alipojeruhiwa jicho, pambano likasogezwa mbele kwa karibu wiki tano, na wageni wakaendelea kulazwa na kulishwa. Serikali ya Zaïre ilijua vizuri kupanga malazi na usafiri wa wanamichezo. Ilichagua tu wa nani.

Wachezaji wale hawakuruhusiwa kwenda kucheza ngambo. Ndaye, mfungaji bora wa Afrika, alishambuliwa nyumbani mwaka 1994 na watu wenye silaha, mara baada ya kupewa heshima na CAF kule Tunisia. Walidhani amerudi na pesa. Akakimbilia Afrika Kusini, akaishi kwa kulinda magari ya watu kwenye parkingi mjini Cape Town. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika la Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama dakika moja kimya kwa ajili yake, kwa habari ya uongo kwamba amekufa. Mwaka 2010 Kombe la Dunia lilifika Afrika kwa mara ya kwanza, likachezwa katika inchi aliyokimbilia. Alifariki hukohuko Januari 2019.

Majirani zetu wa Zambia, wale waliofungwa fainali ya Kairo, walilipa zaidi. Aprili 1993 timu yao ilikuwa na mechi Dakar ya kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia la Marekani. Pesa za tiketi za ndege ya abiria hazikutosha, kwa hiyo walipewa ndege ya jeshi, ndogo na ya zamani, ambayo haikuweza kufika Senegal bila kutua mara tatu kuongeza mafuta: Brazzaville, Libreville, Abidjan. Injini ilionyesha matatizo toka Brazzaville, ng'ambo tu ya mto ukiwa Kinshasa. Ikaruka tena. Baada ya kuondoka Libreville usiku wa tarehe 27, ikaanguka baharini. Watu wote 30 walikufa, 18 kati yao wachezaji, pamoja na kocha Godfrey Chitalu. Nahodha Kalusha Bwalya alipona kwa sababu alikuwa Uholanzi na angesafiri peke yake. Uchunguzi wa Gabon ulisema injini moja ilishika moto na rubani, aliyekuwa amechoka, akazima ile nzima.

Halafu Cabinda, kipande cha Angola kilichobanwa kati ya Kongo mbili. Januari 2010 timu ya Togo ilikuwa imefanya mazoezi Pointe-Noire na mechi zake za Kombe la Afrika zilipangwa Cabinda. Kwenye ramani ni karibu, kwa hiyo walichagua basi. Tarehe 8, baada tu ya kuvuka mpaka, wapiganaji wa kudai uhuru wa Cabinda waliwamiminia risasi. Walikufa kocha msaidizi Abalo Amélété na msemaji wa timu Stanislas Ocloo, ambaye alikuwa mwandishi wa habari za michezo. Golikipa Kodjovi Obilalé alipigwa risasi akabaki mlemavu. Waandaaji walisema Togo haikuwaarifu kwamba inakuja kwa barabara. Togo ikarudi nyumbani kuzika, na CAF ikaifungia mashindano mawili kwa kuondoka, adhabu iliyofutwa miezi michache baadaye. Lakini ni nani aliyeona ni sawa kupanga mechi za bara mahali penye vita, kisha kuwaachia wageni wachague njia wenyewe?

Kuhusu primi, kisa cha Gelsenkirchen kimejirudia. Mwaka 2006 wachezaji wa Togo walitishia kutocheza na Uswisi, mpaka FIFA ikaingilia kati. Juni 2014 Kamerun walikataa kupanda ndege ya kwenda Brazil mpaka pesa zieleweke. Wiki chache baadaye, Ghana wakiwa hukohuko Brazil walikataa ahadi za karatasi na za benki. Serikali yao ikakodi ndege, ikapakia zaidi ya dola milioni 3 taslimu, ikazipeleka mpaka Brasília. Msafara wa polisi ukazisindikiza toka uwanja wa ndege mpaka hotelini, na kila mchezaji akapokea yake mkononi. Kesho yake walifungwa na Ureno 2-1, wakatoka mashindanoni.